Viota vya Minana na Mgonjwa Aliye Uani

Katika ua wa nyumba moja huko Kigamboni, jijini Dar es Salaam, upo mnazi ambao mvua za masika zilipoanza ulivamiwa na minana. Haukupita muda mrefu kabla makuti yake hayajachanwachanwa yakabaki njiti, na vikapu vidogo vya kijani vikaanza kuning'inia kwenye ncha zake. Karibu na mnazi huo familia ilikuwa na desturi ya kumketisha mzee wa nyumba, mwalimu mstaafu aliyepatwa na kiharusi mwezi Februari. Kelele zilikuwa nyingi, vinyesi viliangukia meza ya chai, na mhudumu wa afya aliyefika kupima shinikizo la damu alitoa ushauri wa sentensi moja: ndege huleta maradhi, mti ukatwe. Mkataji akatafutwa na bei ikakubaliwa.

Ushauri huo ulitolewa kwa nia njema, na ndani yake mna nusu ya ukweli. Nusu iliyoachwa nje ndiyo inayostahili kujadiliwa, kwa kuwa ushauri wa namna hiyo hutolewa mara kwa mara majumbani, na hasara yake haiandikwi katika faili la mgonjwa.

Kiharusi cha mwalimu kilikuwa cha upande wa kulia wa ubongo. Mkono na mguu wa kushoto vililegea, lakini lililowatatiza zaidi watu wa nyumbani lilikuwa jambo jingine: mzee hakuujali kabisa upande wake wa kushoto. Alikula wali wa nusu ya sahani kisha akalalamika kwamba amepunjwa. Alinyoa shavu moja. Mkewe alipomsemesha akiwa amesimama upande huo, aliitika akitazama mlangoni, kulia, kana kwamba sauti imetoka huko. Macho yake yalikuwa mazima. Ubongo ndio ulioacha kuuhesabu upande huo kuwa upo. Hali hii huwapata wengi wenye kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo, na huweza kuchelewesha kurejea kwa shughuli za kawaida hata pale misuli inapoanza kupata nguvu.

Sehemu ya tiba yake ni mazoezi ya kumfanya mgonjwa ageuze kichwa na macho kwenda kushoto, tena na tena, akitafuta kitu. Mtaalamu wa fiziotherapia alimletea kadi zenye herufi. Mzee aliyetumia umri wake kufundisha watoto herufi hizo hizo alizitazama siku mbili. Siku ya tatu alizisukuma pembeni. "Binti yangu," alisema, "mimi nimeshamaliza darasa la kwanza."

Minana hawakumwomba afanye lolote. Mnazi ulikuwa mbele ya kiti chake, ukielemea kushoto, na dume mwenye manyoya ya manjano alikuwa akija na uzi mrefu wa kuti mdomoni, akiufunga fundo kwenye ncha, akiruka kuleta mwingine. Dume ndiye fundi. Huanza na pete, husimama ndani ya pete hiyo, kisha hufuma kuizunguka hadi chumba kinapokamilika na mlango wake ukitazama chini. Ndipo huning'inia mlangoni kichwa chini, akipiga mbawa na kupiga kelele ili jike aje kukagua. Jike asiporidhika huondoka, na kiota kisichopata mpangaji huishia kubomolewa na mwenyewe, fundi aanze upya. Mwalimu alikishuhudia kiota kimoja kikivunjwa mara mbili, akacheka kicheko ambacho mkewe alikuwa hajakisikia tangu atoke hospitalini.

Mjukuu, mwanafunzi wa darasa la tano, alichora mnazi katika daftari akavipa viota namba. Kila jioni babu aliulizwa namba tano kumetokea nini, na namba tano ilikuwa kushoto kabisa. Mtaalamu aliporudi akaliona daftari, aliziweka kadi zake mkobani na kuomba kazi hiyo iendelee, ila kiti kigeuzwe kidogo kidogo kila wiki ili shingo izidi kufanya kazi. Huo ni utabibu wa hali ya juu, ingawa haukuhitaji kifaa chochote.

Isisemwe hapa kwamba ndege walimponya. Ubongo baada ya kiharusi hupata nafuu ya haraka zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, na huenda mzee huyo angegeuza shingo hata bila minana. Lakini zoezi lisilofanywa halimsaidii mtu, na la minana alilifanya saa nyingi kwa siku bila kusukumwa. Tena, wagonjwa wa kiharusi wapatao mmoja kati ya watatu huingia katika sonona, na mgonjwa wa sonona ndiye anayeacha dawa na mazoezi. Kinachomfanya aamke na kuuliza habari za nje ni sehemu ya matibabu yake.

Wazo hili halikuanza Kigamboni. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi kilichotoka karne ya 19, alishikilia kwamba mabadiliko ya vitu anavyovitazama mgonjwa yana nguvu juu ya mwili wake na si juu ya fikra zake pekee. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao walilala vyumba vyenye dirisha lililotazama miti, na nusu nyingine vyumba vilivyotazama ukuta wa matofali. Wale wa miti waliruhusiwa mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Mwaka 2022 watafiti wa King's College London walichapisha matokeo kutoka kwa watu 1,292 waliojibu maswali kupitia simu zao: kuona au kusikia ndege kuliambatana na hali bora ya akili kwa saa kadhaa, hata kwa waliokwisha gunduliwa kuwa na sonona. Utafiti wa kwanza ni mdogo, na wa pili hauthibitishi kwamba ndege ndio sababu. Hata hivyo vyote viwili vinatosha kumfanya tabibu asite kabla ya kuagiza shoka.

Sasa nusu ya ukweli wa yule mhudumu. Udongo uliochanganyika na vinyesi vya ndege, hasa vya njiwa waliokaa mahali pamoja kwa muda mrefu, huweza kuhifadhi kuvu aina ya kriptokoka, ambaye akivutwa kwa pumzi na mtu mwenye kinga dhaifu huweza kusababisha homa ya uti wa mgongo. Kwa mtu anayeishi na VVU ambaye CD4 zake ziko chini, hili si jambo la kupuuza. Vinyesi vikavu visifagiliwe vikatimua vumbi. Vimwagiwe maji kwanza, anayefagia avae barakoa na glavu, na mwenye kinga dhaifu asiifanye kazi hiyo kabisa. Chakula kisiandaliwe chini ya viota. Ndege aliyekufa asishikwe kwa mikono mitupu, na wakifa wengi kwa pamoja afisa mifugo aarifiwe, kwa sababu ya mafua ya ndege. Anayewawekea ndege maji ayamwage na kukisugua chombo kila siku: Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengi, ukiwamo wa 2014 na wa 2019, na mbu wa homa hiyo hutosheka na maji ya kifuu.

Yote haya yanatekelezeka kwa ndoo, ufagio na hatua kumi za kukisogeza kiti. Hakuna hata moja linalohitaji mti uanguke.

Jambo ambalo familia haikulitarajia lilikuwa kunguru. Kunguru huyu wa Bara Hindi aliingizwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, akaenea pwani nzima, na hushibia majalala pamoja na mayai na makinda ya ndege wadogo. Asubuhi moja alikirarua kiota namba tatu mbele ya mzee, akaondoka na kinda. Mwalimu alilia, na mkewe akataka kiti kirudishwe ndani. Hofu yake inaeleweka, maana baada ya kiharusi machozi huwa karibu. Lakini kumficha mgonjwa dunia kwa kuwa imemliza ni kumtibu kama mtoto. Siku hiyo alizungumza kwa muda mrefu kuliko siku yoyote, akieleza nani aliacha taka wazi nyuma ya nyumba, na kuagiza pipa lipatiwe mfuniko. Pipa likafunikwa. Afisa wa afya wa kata angefurahi.

Kwa mhudumu wa kliniki ya watoto, kiota kina somo jingine. Mnana mkubwa hula zaidi punje, lakini makinda yake huyalisha wadudu, kwa kuwa kiumbe anayekua anahitaji protini. Mama anayempa mtoto wa miezi minane uji mtupu asubuhi na jioni pengine atalielewa hilo akiwa chini ya mnazi kuliko mbele ya bango ukutani.

Hospitali zinapopanuliwa, mara nyingi miti ndiyo ya kwanza kuondolewa ili kupisha maegesho. Wanaoamua hutazama mchoro wa majengo. Anayelala wodini wiki sita na mguu uliofungwa vyuma haulizwi. Iwapo fomu ya kumpokea mgonjwa ina nafasi ya kuandika dini na kabila, basi inaweza kupata nafasi ya swali moja zaidi: ukikaa au ukilala hapo ulipo, unaona nini? Jibu likiwa ni ukuta, kitanda kigeuzwe. Majumbani swali hilo ni jepesi zaidi, mradi watoto waelezwe kwamba viota havishikwi, makuti yanayovificha hayakatwi, na manati hayaruhusiwi uani, kwani jiwe lililokosa ndege limewahi kupata jicho.

Mkataji wa Kigamboni alilipwa nauli akarudi kwao. Minana jike hulalia mayai siku kama 12, na makinda hukaa kiotani majuma matatu hivi, kwa hiyo kufikia mwisho wa masika namba tano ilikuwa tupu. Mwalimu sasa hutembea na mkongojo hadi langoni. Wali wa upande wa kushoto wa sahani bado hubaki siku nyingine, na mkewe huigeuza sahani bila kusema neno. Mvua za vuli zilipoanza, madume walirudi kwenye makuti yale yale, na mjukuu akaomba fedha ya daftari jipya.