Rosa Mistika si Kitabu cha Kuficha

Likizo hii nyumbani Kyela, mvua ikiwa haikatiki, nimesoma riwaya mbili. Peponi ya Abdulrazak Gurnah, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, imenigusa: mtoto Yusuf anatolewa kwa ajili ya deni la baba yake. Lakini iliyoninyima usingizi ni Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, aliyesoma Seminari ya Nyegezi.

Iliwahi kupigwa marufuku shuleni, eti inapotosha. Sikubali. Kwa maoni yangu, Rosa alianza kupotezwa na kipigo cha Zakaria, baba mlevi. Akina Rosa wapo hata huku kwetu kwenye mpunga na kakao.

Ndugu mseminari, isome kabla hujaketi kwenye kiti cha kitubio. Itakufundisha kusikiliza kwanza.