Maneno ya Mshtakiwa Yaandikwe kwa Kiswahili Chake

Mwaka 1894 watu wawili, Mamba na Ismailia, walinyongwa Kasongo, si mbali na Nyangwe, kwa kumuua Emin Pasha mwaka 1892. Walikiri. Maneno yao yalichapishwa Marekani mwaka 1895 na Mohun, wakala wa nchi hiyo Kongo. Yaani yametufikia kwa Kiingereza. Sisi wa isimu tunasikitika kwa kukosa matini. Kwa mshtakiwa wa leo, jambo hilohilo ni la kufa na kupona.

Mtu wa Nyangwe akihukumiwa kwa mauaji, ana siku 10 za kukata rufaa, na rufaa husikilizwa Kindu. Katiba ya 2006, ibara ya 18, inataka aelezwe mashtaka kwa lugha anayoielewa. Ibara ya 21 inamhakikishia rufaa. Lakini jalada linalosafiri limeandikwa Kifaransa, naye alisema Kiswahili.

Tuseme alisema: “Nilimpiga akafa.” Kiambishi -ka- kinaonyesha kwamba kifo kilifuata kipigo, hakisemi kama kilikusudiwa. Karani anaweza kuandika kwa Kifaransa kwamba alimpiga mpaka akamuua, au kwamba alimpiga, kisha mtu akafa. La kwanza linanuka kusudi, na mauaji ya kukusudia adhabu yake ni kifo. La pili linaelekea kifungu cha 48 cha sheria ya jinai, kipigo kilicholeta kifo bila kukusudia: miaka 5 hadi 20. Jaji wa rufaa atapimaje, ikiwa sentensi yenyewe ilibaki kinywani mwa mtu kule Nyangwe? Na tangu Machi 2024, serikali ilipoondoa zuio la kutekeleza hukumu za kifo, kosa la karani si la kusahihishwa taratibu.

Kapteni Lothaire alimnyonga mfanyabiashara Stokes mwaka 1895 bila kumwachia rufaa. Yeye mwenyewe aliposhtakiwa alisikilizwa Boma, kisha Brussels, kote kwa Kifaransa.

Nimeambiwa kwamba kuandika lugha mbili kutachelewesha kesi. Labda, kwa nusu saa. Sidai hukumu nzima itafsiriwe, wala simdharau karani, ambaye mara nyingi hutafsiri huku akiandika, bila kufundishwa kazi hiyo. Ninadai maelezo ya mshtakiwa yaandikwe kama alivyoyatamka, Kifaransa kifuate chini yake, na asomewe yote mawili kabla ya kutia dole gumba.