Mali ya Singida Iandikwe Daftarini

Kandokando ya barabara kuu ipitayo Singida, wasafiri hununua mafuta ya alizeti yaliyojazwa katika madumu na chupa zilizokwisha kutumika. Mafuta ni mazuri. Chupa haina jina wala alama. Mkamuaji huuza kwa bei atakayotajiwa, ilhali barua ya utambulisho kutoka SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ingeweza kumfungulia mlango wa alama ya ubora ya TBS. Wengi hawakunyimwa barua hiyo. Hawakuambiwa kuwa ipo.

Husemwa kila mara kwamba wajasiriamali wadogo hawana mtaji, na ni kweli. Lakini sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, ikarejeshwa 2024. Fedha hizo zitafaa nini ikiwa kikundi cha Iramba kitanunua mashine ya kukamua wakati mashine nyingine imelala kijiji jirani kwa kukosa fundi? Na mfugaji wa kuku wa kienyeji, kuku walioipa Singida sifa hadi Dar es Salaam, atahangaikia chakula cha kuku hadi lini, huku mashudu ya alizeti yakipakiwa malorini mbele ya macho yake?

Kazi hii haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Kila kata iandike daftari: nani ana mashine, nani fundi wa kuchomelea, trekta la nani hukodishwa, ghala lipi li tupu, kikundi kipi cha kuweka na kukopa kina fedha, mrina asali wa Manyoni humuuzia nani. Mabalozi wa mashina wanayajua mengi ya hayo bila kuuliza (penye nyumba chache hakuna siri). Kinachokosekana ni mtu wa kuyakusanya na kuyasoma hadharani katika mkutano wa kijiji.

Hatari ipo moja. Daftari likifungiwa kabatini mwa mtendaji, litakuwa mali ya wachache, na jamaa zao ndio watakaojua mkopo unatoka lini. Nakala yake ibandikwe ukutani mwa ofisi ya kijiji, isahihishwe kila baada ya mavuno, na ajuaye kusoma amsomee asiyejua. Kiongozi atakayeona haya kuibandika aulizwe sababu, tena aulizwe na wanachama wa tawi lake mwenyewe, kabla msimu wa kukamua haujaanza.