Raketi ya Binti na Daftari Lake

Juma lililopita alitufikia mama mmoja mwenye jambo linalomkosesha usingizi. Binti yake ana miaka 15, yuko Kidato cha Pili, na amecheza tenisi tangu utotoni. Kocha amesema kipaji chake kinaweza kumfikisha chuo kikuu nchini Marekani kwa ufadhili, ila itambidi apunguze masomo ili aongeze saa za mazoezi. Baba hataki hata kulisikia. Binti, tangu siku hiyo, hali chakula pamoja na wenziwe.

Tunamheshimu kocha, lakini katika hilo la masomo amekosea, na kosa lake laweza kumfungia binti mlango uleule anaotaka kumfungulia. Michezo ya vyuo vingi vya Marekani husimamiwa na chombo kiitwacho NCAA. Katika daraja lake la juu, mchezaji mpya hukaguliwa kwanza masomo ya msingi aliyoyasoma sekondari na alama alizozipata. Akipungukiwa, haruhusiwi kucheza mwaka wake wa kwanza, hata kama kocha wa chuo anamtamani vipi.

Tumtazame Angella Okutoyi wa Kenya. Mama yake alifariki baada ya kumzaa yeye na pacha wake, wakalelewa na bibi yao jijini Nairobi. Mwaka 2022, akiwa na miaka 18, alitwaa ubingwa wa vijana wa Wimbledon katika mchezo wa wasichana wawili wawili, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mwenye taji kama hilo angeweza kuiaga shule. Yeye mwaka uliofuata alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Auburn, jimboni Alabama, na mwaka 2024, angali chuoni, alishinda dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Naye Danielle Collins, Mmarekani, alimaliza masomo yake Virginia mwaka 2016 kabla ya kuingia tenisi ya kulipwa. Mwaka 2022 alicheza fainali ya Australian Open.

Taji la Okutoyi lina funzo jingine, nalo husahauliwa viwanjani kwetu. Timu za vyuo zinapokutana, huchezwa michezo mitatu ya wawili wawili na sita ya mmoja mmoja. Timu inayoshinda miwili kati ya ile mitatu hupata pointi moja, na kila mchezo wa mmoja mmoja una pointi yake, jumla saba. Kwa hiyo kocha wa chuo humtafuta pia mchezaji anayejua kusimama karibu na wavu na kuelewana na mwenzake. Vijana wetu wengi hufundishwa kupiga mpira kutoka nyuma ya uwanja tu, kutwa nzima.

Tena mama alieleza kwamba binti ameanza kufungwa na wasichana aliokuwa akiwashinda mwaka jana. Hilo lisimtishe. Katika umri huu mwili hurefuka kwa ghafla, na pigo la kuanzishia mchezo, lililokuwa limenyooka, hupotea kwa miezi. Wenziwe nao wanakua. Tunaloliogopa zaidi ni bega na mgongo: mtoto anayelalamika maumivu apumzishwe, wala asiambiwe ni uvivu.

Kuhusu ufadhili, wazazi waulize kwa maandishi unalipia nini hasa: ada, malazi, chakula, bima? Si kila ufadhili ni kamili. Kwa miaka mingi, hadi msimu wa 2024/25, timu ya wanaume ya daraja la juu iliruhusiwa ufadhili wa wachezaji wanne na nusu tu, ukigawanywa vipande vipande, ilhali ya wanawake iliruhusiwa minane. Sasa utaratibu umebadilika. Na daraja la tatu la NCAA halitoi kabisa ufadhili wa michezo.

Baba, tulipompigia simu, hakuuliza habari za fedha. Aliuliza kuhusu stara na funga. Ni maswali ya haki, na afadhali yaulizwe kocha wa chuo mapema kuliko binti akafika huko peke yake na kuona haya kuyasema. Mavazi ya kufunika mikono na miguu huchezewa tenisi. Ramadhani kwa miaka hii imeangukia katikati ya msimu wa vyuo, unaoanza Januari hadi Mei. Hukumu ya mchezaji aliye safarini na aliye chuoni, tunawaachia masheikh.

Kabla hatujakata simu tulimuuliza baba swali moja: amewahi kumwona binti yake akicheza? Alinyamaza kidogo, kisha akasema hapana. Jumamosi hii, baada ya Alasiri, binti ana mchezo. Baba ameahidi kwenda, inshaAllah.