Hapa Wanamwitaje?

Tarehe 21 Novemba 1987 Chausiku alilala mchana. Haikuwa kawaida yake. Wenzake walikuwa wakihangaikia matunda. Yeye alijilaza, akainuka kidogo, akajilaza tena, na mwanawe Chopin akabaki kumzunguka. Watu wawili walikuwa wakimfuata hatua kwa hatua katika msitu wa Milima ya Mahale, kusini mwa Kigoma, kwa kuwa Chausiku alikuwa sokwe na wao walikuwa watafiti: Michael Huffman wa Chuo Kikuu cha Kyoto na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe wa milima hiyo. Hatimaye sokwe alijikokota hadi kwenye kichaka, akavunja chipukizi, akabandua gome, akaacha majani, akaanza kutafuna kiini na kufyonza maji yake machungu.

Huffman aliuliza ule mti ni mti gani. Seifu akamjibu kuwa ni mjonso, na kwamba kwao ni dawa.

Kesho yake mchana Chausiku alikuwa amepata nguvu, anatembea na kula. Mwaka 1989 Huffman na Seifu walichapisha walichokiona katika jarida la Primates, majina yao yote mawili yakiwa juu ya makala. Wanakemia wa Kyoto wakauchukua mjonso maabara, wakakuta ndani ya kiini chake kampaundi zinazowadhuru vimelea, na kwenye majani sumu kali zaidi, ile ambayo sokwe alikuwa ameitupa. Leo mtu akizungumzia wanyama wanaojitibu, popote duniani, ni vigumu asipite Mahale.

Nimeanza na Chausiku kwa sababu watu husimulia habari hii wakimsifu sokwe, kisha wakimsifu mwanakemia, na lile jibu la Seifu hupita kama salamu. Mimi naona ugunduzi ulikuwa pale pale. Jina la kitabuni, Vernonia amygdalina, lingemwambia Huffman mti huu ni ndugu wa miti gani. Jina mjonso lilimfikia likiwa limebeba matumizi: homa, tumbo, minyoo. Bila jibu lile, daftari la siku hiyo lingeandikwa kwamba sokwe mgonjwa alikula mmea mchungu, basi, na ukurasa ungefunuliwa.

Toleo hili linakusanya utafiti wa miaka ya karibuni katika isimu, uhandisi na sayansi za viumbe, wote ukihusu ufuko wa Ziwa Tanganyika. Waandishi tuliwapa sharti moja. Kila samaki, mti, upepo au kipande cha chombo kitajwe kwanza kwa jina linalotumika mwaloni au kijijini, na ielezwe jina hilo lilipatikana wapi na kwa nani. Jina la kisayansi lifuate. Wengine walilipokea sharti kwa furaha. Mmoja aliniambia kwa adabu kwamba hii ni ngano, si sayansi. Majina ya kienyeji, alisema, hubadilika kila ukivuka mto, ilhali jina la Kilatini halitikisiki.

Halitikisiki? Mjonso wenyewe wataalamu wa mimea wameshauhamishia jenasi nyingine. Sasa utausoma kama Gymnanthemum amygdalinum. Watongwe hawakuhama nao. Ng'ambo ya mpaka Warundi wanauita umubirizi, nao pia hawakusubiri tangazo.

Lakini hoja ya ndugu yangu ina uzito, na mahali inapouma zaidi ni sokoni. Nenda Kibirizi au Katonga asubuhi, uulize bei ya dagaa. Utajibiwa bei, na ndani ya jibu hilo kuna samaki wawili: dagaa mwenyewe, Stolothrissa, na lumbu, Limnothrissa, ambaye ni mkubwa kidogo na huupenda zaidi ufuko. Kwenye ndoo wanachanganyika. Kwenye takwimu nyingi pia wanachanganyika. Yule dagaa Warundi humwita ndagala, na Zambia wote wawili ni kapenta. Mgebuka wetu, ambaye ndiye anayewala hao wote, akifika Bujumbura ni mukeke, akifika Mpulungu ni bukabuka. Lumbu ndiye msafiri mkubwa kuliko wote: mwishoni mwa miaka ya 1950 alipandikizwa Ziwa Kivu, anakoitwa sambaza, na muongo uliofuata akapelekwa bwawa la Kariba, ambako walio wengi wanamjua kama kapenta na hawajui kwamba kwao ni huku.

Sasa fikiria nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilizosaini mkataba wa ziwa Dar es Salaam mwezi Juni 2003 na kuunda Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura, zinaketi kujumlisha samaki waliovuliwa. Anayehesabu mwaloni huandika neno analoambiwa. Iwapo hajui kwamba neno hilo mahali hapa lina samaki mmoja na pale lina wawili, kosa limeshaingia kabla ya kompyuta kuwashwa, na hakuna hesabu ya juu itakayolitoa. Kwa hiyo nakubaliana na ndugu yangu kwamba majina hubadilika ukivuka mto. Ndiyo sababu ya kuyaandika, pamoja na jina la mto.

Habari nzito zaidi katika toleo hili ni ya joto, nami nitakaa nayo. Ziwa hili lina kina cha takribani mita 1,470, na chini sana maji yake hayana hewa. Chakula cha samaki hutegemea virutubisho vilivyolala huko chini kupandishwa juu, na kazi hiyo hufanywa hasa na upepo wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, unaoyasukuma maji ya juu na kuyachanganya. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hukaa juu ya yale mazito kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo ule ule haufiki tena ulikokuwa ukifika. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria katika jarida la Nature kwamba uzalishaji wa ziwa huenda umeshuka kwa asilimia 20, na kwamba hilo lingeweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walichimba tope la sakafuni na kusoma humo mabaki ya samaki na konokono, wakaona kupungua kulianza kabla uvuvi wa kibiashara haujashika kasi katikati ya karne iliyopita. Katika maeneo waliyochunguza, sakafu yenye hewa ya kutosha viumbe kuishi ilikuwa imepungua kwa asilimia 38 tangu 1946.

Mvuvi wa Ujiji anayajua haya kwa upande wake. Anajua usiku ambao taa zimewaka, kwanza karabai na sasa hizi za sola, na dagaa hawapandi. Anajua mbalamwezi ikiwa kali hakuna haja ya kutoka. Asichoambiwa ni kwamba kuna tope la sakafuni linalomuunga mkono anaposema samaki walianza kupungua kabla yake. Kisha mwaka 2024 ziwa likafungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Sina ugomvi na kulipumzisha ziwa. Samaki wanaozaliana wanastahili kuachwa, na nyavu zenye matundu madogo zimefanya ufisadi wa kutosha. Ugomvi wangu ni na sisi wenye kalamu. Mvuvi alifungiwa mlango kwa hoja nusu, ile nusu inayomhusu yeye, na nusu ya pili, ya joto, ikabaki kwenye majarida ya Kiingereza yanayouzwa kwa dola. Mtu uliyemwambia yote mawili anaweza kubishana nawe. Uliyemwambia moja atakuona mwongo siku atakapolisikia la pili kwa mwingine.

Wanaisimu wasidhani wamepona. Ramani ya Malcolm Guthrie inakiweka Kiha nyumba moja na Kirundi na Kinyarwanda, katika kundi la D60, na Kitongwe na Kibende katika kundi la F10. Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotolewa mwaka 2009 na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilituonyesha lugha gani inasemwa wapi. Kazi kubwa hizo. Lakini orodha za maneno tunazobeba vijijini bado ni zile zile za jicho, maji, mbwa na mwezi, kwa sababu ndizo zinazofaa kupanga undugu wa lugha. Sehemu za wavu hazimo. Hatua za kukausha dagaa, kuanzia mchangani hadi kwenye vichanja, hazimo. Orodha ya kwanza kubwa ya majina ya mimea kwa Kitongwe, niijuayo mimi, haikuandikwa na mwanaisimu. Iliandikwa na Toshisada Nishida na Shigeo Uehara, watu wa sokwe, ikachapishwa Kyoto mwaka 1981. Walitaka kujua sokwe wanakula nini, na njia fupi ilikuwa kuwauliza Watongwe.

Njia hiyo fupi inazidi kurefuka. Enzi za Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970 Watongwe walihamishwa kutoka milimani, na mwaka 1985 Mahale ikawa hifadhi ya taifa. Sokwe wamepona kwa hilo, nami nafurahi. Ila mtoto wa Kitongwe anayekua mbali na mjonso ana haja gani na neno mjonso? Babu yake Seifu, aliyekuwa mganga, inasimuliwa aliijua dawa ya mulengelele kwa kumwangalia nungunungu mgonjwa akichimba mzizi wake. Maarifa ya namna hiyo huhitaji mtu, mnyama na mmea wawe mahali pamoja.

Ajabu ni kwamba vita vya majina viliwahi kupiganwa ufuko huu huu, juu ya wanyama wenyewe. Jane Goodall, aliyefika Gombe mwezi Julai 1960 na kufariki Oktoba 2025, alipokwenda Cambridge alilaumiwa kwa kuwapa sokwe majina badala ya namba. Leo hakuna anayeona aibu. Mahale nako wakaitwa Chausiku, Ntologi na wengineo, na sayansi haikuharibika.

Kuhusu uhandisi nitasema machache, si kwa dharau, bali kwa sababu makala zenyewe zinajitosheleza. Meli ya Liemba kila mtu Kigoma anaijua: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa reli, ikaungwa hapa na kuingia majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, injini zikiwa zimepakwa grisi zisiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924 na miaka mitatu baadaye ikarudi kazini na jina jipya, ambalo kwa kweli ni la zamani: Liemba ndivyo Livingstone alivyosikia sehemu ya kusini ya ziwa ikiitwa mwaka 1867. Meli ikabaki na jina ambalo ramani imelisahau. Mwandishi mmoja aliyetuletea makala juu ya injini alijaza maneno kutoka Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990. Kamusi naiheshimu, ipo mezani kwangu, ila nilipowasomea aya mbili mafundi wa bandarini walinisikiliza kwa heshima ile ya kumsikiliza mgeni wa msibani. Tukarudi upya na gasketi, nati na boila, na makala ikapungua kurasa mbili.

Maji nayo yana habari yake. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na tope na majani. Kina kikapanda mpaka mwaka 1878 hivi, kisha kizuizi kikasombwa, na kabla karne haijaisha ziwa likashuka kwa takribani mita 10. Ndiyo maana anayekwenda Ujiji kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 hushangaa maji yako wapi. Kuanzia 2020 yamepanda tena, yakaingia mialoni na majumbani. Mzee wa Ujiji anayeweza kuonyesha maji yalifika mti gani mwaka gani ni kipimo ambacho mhandisi hana. Philip Gooding, katika kitabu chake cha historia ya ziwa kilichotoka Cambridge mwaka 2022, aliuona ufuko huu kama ukingo wa ulimwengu wa Bahari ya Hindi, na pwani yoyote huwa na kumbukumbu ya maji.

Msomaji atakutana na mistari mitupu katika baadhi ya majedwali. Siyo kosa la mpiga chapa. Ni mahali mwandishi alipokuwa na jina la Kilatini na asipate la hapa, nasi tukakataa kumtungia. Wengi wao ni samaki wadogo wa mawe wa jamii ya sikilidi, ambayo timu ya Chuo Kikuu cha Basel imeihesabu kufikia aina 240 hivi katika ziwa hili pekee. Wavuvi hawawauzi, na pengine kweli hawajawapa jina kila mmoja. Kama wewe unalo, liandike kwenye mstari ule, ukitaja kijiji na ukitaja ulisikia kwa nani, kisha ututumie ukurasa. Usisahau kijiji. Mwaka jana tulipokea majina kumi na moja ya samaki aitwaye kuhe, mazuri yote, bila hata moja kusema limetoka wapi, na mpaka leo yamekaa kwenye bahasha.