Miwani Isiyo na Waya Bado Inadai

Miwani ya uhalisia pepe inayofanya kazi bila kompyuta imezaa imani isiyo sahihi: kwamba ukishainunua umemaliza, na kwamba ndiyo inayofaa shule za pembezoni, za Momba au Ileje, kwa kuwa haihitaji kitu kingine. Imani hiyo ipingwe kabla fedha ya shule haijatoka.

Kilichoondolewa ni waya tu. Kazi ya kompyuta imehamia usoni. Meta Quest 3, iliyoingia sokoni Oktoba 2023, imebeba prosesa ya Snapdragon XR2 Gen 2, RAM ya GB 8, skrini mbili, feni na betri, vyote katika gramu 515. Kamera za rangi humwonyesha mvaaji chumba alichomo, na kihisi cha umbali hupima ukuta na meza, hata umbo la kubuni likaonekana limekaa juu ya dawati la kweli. Ni ufundi mkubwa, na hakuna haja ya kuubeza.

Lakini ufundi huo unakula umeme. Betri hukaa saa 2 na dakika chache. Tuseme somo ni kimondo cha Mbozi, bonge la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16. Wanafunzi 40 wakivaa kwa dakika 5 kila mmoja, zinahitajika dakika 200. Chaji itaisha zamu haijamfikia wa 30. Umeme ukikatika Tunduma siku hiyo, kipindi kimeishia hapo. Pawabenki husaidia, ila nayo hununuliwa.

Mwanga ni mtihani mwingine. Gizani kamera hupoteza mwelekeo na picha huyumba. Juani ni hatari zaidi: miwani ikiachwa dirishani, lenzi zikitazama nje, hukusanya miale na kuichoma skrini, na doa lake halitoki. Kuiwasha mara ya kwanza kunataka simu janja, akaunti na intaneti, tena mtengenezaji hairuhusu itumiwe na mtoto wa chini ya miaka 10.

Kwa hiyo bajeti itaje pawabenki, sanduku la kuhifadhia, bando la kupakulia masomo mapema mahali penye mtandao mzuri, na mafunzo ya mwalimu atakayeitunza. Shule isiyomudu hayo ikodi basi hadi Mbozi, darasa zima likizunguke kimondo chenyewe na kukigusa.