Tulimwita Zakayo, tukasahau mwisho wa hadithi

Mpendwa msomaji, kabla hujaizima simu yako ibada ianze, jibu swali hili moyoni: video au picha ya mwisho ya mwanasiasa uliyomtumia mwenzako, ilikuwa ya kweli?

Sikuulizi kama ilichekesha. Najua ilichekesha, ndiyo maana uliituma. Nauliza kama ilikuwa ya kweli.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Wakati wa kampeni za 2022 nilitumiwa video fupi ya mama mmoja wa ushirika wetu aliyekuwa akiwania udiwani. Mtu alikuwa amechukua hotuba yake, akaikatakata, akaitia muziki wa vichekesho, hadi mama yule akasikika akisema kwamba watu wa wadi yetu hununuliwa kwa pakiti moja ya unga. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha wanaume wa kanisa, kile tunachotumia kupanga harambee na mazishi.

Siku mbili baadaye nilisikiliza hotuba yote. Mama yule alikuwa amesema wapinzani wake wanadhani mnanunuliwa kwa pakiti ya unga, basi waonyesheni kwamba wamekosea. Maana ilikuwa imegeuzwa juu chini. Nami nilifanya nini? Nilinyamaza. Jumapili iliyofuata alinipa mkono nje ya kanisa na kuniuliza habari za watoto, nikamjibu huku nikitazama viatu vyangu.

Alishindwa uchaguzi. Sisemi alishindwa kwa sababu ya video ile, kwani mambo yanayoamua kura ni mengi. Lakini hadi leo kuna vijana mtaani wanaomwita Mama Unga. Hilo jina tulimpa sisi.

Usinielewe vibaya, ndugu yangu. Siji kukukataza kucheka. Wakenya tumewacheka wakubwa kwa miaka mingi, na kicheko hicho kilitusaidia kuondoa woga. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa Redykyulass waliigiza Rais Moi kwenye televisheni, wakati ambapo wazazi wetu walikuwa bado wakishusha sauti wanapolitaja jina lake. Mmoja wao, John Kiarie, alichaguliwa kuwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017. Kuanzia 2009 wanasesere wa XYZ Show, waliobuniwa na mchoraji Gado, walituonyesha viongozi wetu jinsi tulivyowafahamu sisi, wala si jinsi walivyotaka tuwaone.

Hata Maandiko yana kejeli. Eliya aliwakejeli manabii wa Baali mlimani Karmeli (1 Wafalme 18:27). Na katika Waamuzi sura ya 9, Abimeleki anapojitawaza baada ya kuwaua ndugu zake, Yothamu anapanda Mlima Gerizimu na kusimulia kisa cha miti iliyotafuta mfalme. Mzeituni unakataa, mtini unakataa, mzabibu unakataa, na mwishowe ufalme unachukuliwa na mti wa miiba usio na hata kivuli cha kumfaa mtu. Hicho ni kichekesho cha siasa, tena kikali.

Lakini tazama alivyokifanya Yothamu. Alisimama mahali pa kuonekana. Kila aliyemsikia alijua kwamba miti haiongei. Kisha akafafanua maana ya kisa chake na kutaja wazi tendo alilokuwa akilishutumu. Hakumsingizia Abimeleki neno hata moja. Alitumia mfano wa kubuni kusema jambo la kweli.

Simu zetu leo zinafanya mambo mawili tofauti, na sisi tunayaita yote mzaha. Kuna mzaha wa Yothamu: mchoro, shairi, kiigizo ambacho kila mtu anajua ni kiigizo. Halafu kuna kughushi: sauti ya mgombea inayotengenezwa kwa akili unde, ukurasa wa mbele wa gazeti ambao gazeti lenyewe halikuuchapisha, tangazo la kujiondoa kinyang'anyironi linalotolewa usiku wa kuamkia kura. Programu za kuhariri video ni za bure, na mtoto wa kidato cha pili anaweza kuzitumia kabla chai haijapoa. Wagombea wanawake mara nyingi huumizwa zaidi, kwa sababu wa kuwakejeli huacha kazi yao na sera zao na kuushika mwili wao.

Tena kuna tatizo jingine. Redykyulass ilikuwa na saa yake na jina lake, na hukuweza kuidhani ni taarifa ya habari. Video ya leo huenda ilianza kama mzaha kwenye TikTok, na mtengenezaji akaeleza kwamba anatania. Ikishakatwa na kuingia WhatsApp, maelezo yale hubaki nyuma. Kinachomfikia nyanya yako kijijini ni uso wa mtu na maneno ambayo hakuyasema, tena kutoka kwako, mjukuu anayemwamini.

Mithali 26:18-19 inamfananisha anayemdanganya jirani yake, kisha akadai alikuwa akitania, na mwendawazimu anayerusha moto na mishale ya kuua. Maneno hayo yaliandikwa kabla ya simu, lakini sijui mahubiri yanayotufaa zaidi msimu wa kampeni. Ile amri ya kutomshuhudia jirani uongo (Kutoka 20:16) haikusema kwamba jirani akigombea kiti huacha kuwa jirani.

Sasa tuje kwa Zakayo. Tangu 2023, kodi zilipopanda, vijana walimbandika Rais William Ruto jina hilo la mtoza ushuru wa Yeriko, na maandamanoni wakamtaka ashuke mtini. Jina lilienea simuni kuliko hotuba yoyote ya upinzani, na Rais mwenyewe amewahi kulitaja hadharani. Mwaka 2024 liliimbwa barabarani wakati wa kuupinga Mswada wa Fedha, hadi tarehe 26 Juni alipotangaza kwamba hatautia saini.

Naiona kejeli hiyo kuwa ya aina ya Yothamu. Hakuna aliyedanganywa. Kila mtu alijua Rais si Zakayo, na kila mtu alijua ni kodi zipi zinazosemwa. Ndiyo maana kanisa halipaswi kunyamaza wenye mamlaka wanapojibu mzaha kwa nguvu. Mwishoni mwa 2024 vijana kadhaa waliokuwa wamesambaza michoro na picha za kumkejeli Rais walitekwa nyara, na baadhi yao wakaachiliwa Januari 2025. Hakuna mchoro unaohalalisha mama akae usiku kucha akingoja mwanawe. Tusiitumie Biblia kuwafunga midomo wanyonge.

Hata hivyo, tunapoushambulia uongo wa watawala kwa uongo wetu, tunawatengenezea kichaka. Siku rekodi halisi ya mla rushwa itakapopatikana, atasema ni akili unde, na watu watamwamini kwa sababu sisi tumewazoesha kuona rekodi bandia. Mwongo hufaidika sana mahali ambapo hakuna anayejua ukweli ni upi.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Nakuomba uanze mazoezi mapema. Ujumbe ukija na mishale miwili, yaani umeshasambazwa mara nyingi, WhatsApp hukuruhusu kuutuma kwa mtu mmoja au kikundi kimoja tu kwa wakati mmoja. Kizuizi hicho kimekuwepo tangu 2020. Kifanye kuwa nafasi ya kuvuta pumzi. Jiulize: mambo haya yamesemwa kweli, au yametengenezwa? Kinachochekwa hapa ni tendo lake, au ni kabila lake, ujane wake, umbo lake? Ningeweza kuionyesha video hii akiwa ameketi kando yangu kanisani? Jibu likikusita, iache ifie mkononi mwako.

Na kama ulishaituma? Hapo ndipo mwisho wa hadithi ya Zakayo, ule ambao hatuuimbi barabarani. Katika Luka 19 umati wote ulikuwa na jina moja kwa mtu yule: mwenye dhambi. Yesu alimwita kwa jina lake na kwenda kukaa nyumbani kwake. Hakusema kodi zile zilikuwa za haki. Alimpa nafasi ya kugeuka, na Zakayo akasimama mbele ya watu akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Hakutubu kimoyomoyo tu. Alirudisha, tena kwa wale wale aliowanyang'anya.

Niliposoma tena sura hiyo wiki hii niligundua kwamba Zakayo wa hadithi si Rais pekee. Nami nilichukua kitu kisicho changu, jina zuri la mama mmoja, na sijakirudisha.

Ijumaa nilimpigia simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema alijua tangu mwanzo ni nani aliyeituma, kwa sababu mumewe alikuwa kwenye kikundi kile. Miaka yote hiyo alikuwa akinipa mkono akijua. Nilimwomba ruhusa ya kusahihisha. Jana jioni niliandika kwenye kikundi kilekile nilikotuma video: alisema hivi, sisi tukasambaza vile, nami nilikuwa mmoja wao, naomba radhi.

Wawili walijibu amina. Mmoja aliuliza kwa nini nafufua mambo ya zamani. Nilimjibu kwamba jina Mama Unga bado linaishi mtaani, kwa hiyo si ya zamani.

Mpendwa msomaji, baada ya ibada leo utaiwasha simu yako tena. Kabla hujatuma chochote kipya, rudi nyuma ukatafute kile cha zamani unachodaiwa.